Magunia Kumi na Moja

Mjomba, nilikuona.
Benchi la nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo,
kofia umeivua kwa heshima ya mahakama,
uso umeugeuza kwa heshima ya magunia yako.

Kumi na moja. Nimeyahesabu kwenye stakabadhi,
kielelezo namba nne, karatasi bado inanuka moshi.
Ufuta ule ule niliokuwa naukung'uta juu ya turubai
kila likizo, mpaka viganja vikatoa maji.
Najua ada yangu ilitoka wapi.

Nachingwea ilishahukumu kabla hakimu hajavaa miwani.
Bi Nantende ananiambia vitumbua vimekwisha
na sinia liko mbele yangu, limejaa.
Mlangoni pa ofisi mtu ameandika kwa mkaa:
MKE WA NG'OMBE.
Karani wangu alileta ndoo na dekio. Nikamwambia aache,
herufi zenyewe nzuri, huyu kasoma.

Mteja wangu anaitwa Sagenda Lukelesha.
Simpendi, nikwambie kweli.
Mwaka jana ng'ombe wake walifyeka mbaazi za watu,
na nilipomuuliza alinijibu huku anachokonoa meno.
Hana pole, hana hodi.
Kwa mbaazi alilipa faini; ningekuwa hakimu ningeongeza.
Ila safari hii hakushtakiwa kwa kiburi, Mjomba.
Kashtakiwa kwa kiberiti.

Ulimsikia Chinguile akitoa ushahidi:
nilimtambua kwa shuka lake jekundu.
Saa ngapi? Saa nane usiku.
Mwezi? Haukuwepo.
Umbali? Kama kutoka hapa hadi posta.
Sagenda hajavaa shuka jekundu tangu azaliwe.
Usiku ule polisi walimkamata na koti la mvua, la kijani,
limo kwenye orodha yao wenyewe.
Nilipolisoma hilo hakuna aliyeguna. Feni ilizunguka tu.
Chinguile hasemi uongo, na hilo ndilo linalonitisha.
Aliona moto, akafumba macho,
na aliyemwona ndani ya macho yaliyofumbwa
ni mgeni yeyote mwenye fimbo.

Jioni ukaja nyumbani, hukukaa.
Ukaniuliza mbele ya mama: wewe damu yako ipi?

Basi nikujibu.
Nilikuwa na miaka tisa, mwaka ule mtoto wa jirani
alipokufa kwa degedege, na kijiji kikamchangia mganga.
Walikukalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, wakakunyoa.
Mimi nikapewa beseni nishike.
Wembe ulikuwa mmoja kwa watu wanne.
Maji yakageuka rangi, nywele zikaelea,
nami nikangoja mtu mzima mmoja, mmoja tu,
aseme: ngojeni kwanza.
Nani kamwona? Saa ngapi? Kwa macho gani?
Hakuna. Hata mama.
Tangu siku ile sikuwahi kukuona bila kofia
hadi juzi, benchi la nyuma.

Chuoni walinifundisha vifungu.
Beseni nilikuwa nimekwisha kulishika.

Kama Sagenda alichoma ghala, sijui.
Anasema hapana, na hapana yake ina jeuri kama yeye.
Sikuapa kuwatetea wanaosalimia vizuri.

Hukumu ni Alhamisi, saa nne.
Akitoka, utaniuliza magunia yako atalipa nani,
nami sitakuwa na jibu.
Ila aliyeyachoma, kama si huyu,
hutamkuta porini na fimbo.
Anapita mlangoni pako asubuhi, anakupa salamu,
na wewe unaitikia.